Darasa la sonona linataka walimu wawili: barua ya wazi kwa wasimamizi wa afya Nairobi

Kwa Gavana wa Kaunti ya Jiji la Nairobi. Kwa Waziri wa Afya wa Kaunti na maafisa wake. Kwa Kamati ya Afya ya Bunge la Kaunti. Na kwa Wizara ya Afya, Afya House.

Waheshimiwa,

Kila juma katika vituo vyenu kuna mtu anayeketi mbele ya afisa wa kliniki, anaulizwa maswali tisa ya kliniki kuhusu hali yake katika wiki mbili zilizopita, na anaambiwa kwamba anaugua sonona, yaani depression. Akibahatika anapewa dawa za mwezi mmoja na tarehe ya kurudi. Kisha anatoka langoni, anapanda matatu, anarudi Huruma au Mukuru kwa Njenga, na katika siku zote zilizo kati ya leo na tarehe hiyo hana wa kumfundisha namna ya kuishi na ugonjwa alioambiwa anao. Hajui afanye nini asubuhi mwili unapokataa kuinuka. Hajui dawa huanza kufanya kazi lini. Hajui amwambie nini mwajiri, wala mama mkwe anayesema huu ni uvivu.

Ninaomba kaunti ianzishe madarasa ya kuimudu sonona katika vituo vyake vya afya, na kila darasa lifundishwe na walimu wawili kwa pamoja: mmoja mtaalamu wa afya ya akili, na mwingine mtu ambaye ameugua sonona na amejifunza kuishi nayo. Waandae masomo pamoja, wasimame mbele ya darasa pamoja, walipwe wote wawili. Hilo ndilo ombi langu lote, na yanayofuata ni sababu zake.

Mimi ni fundi wa nguo, mkaazi wa Kayole. Nimeishi na sonona tangu nilipokuwa msichana, ikija na kuondoka, na nimewahi kulazwa kwa ajili yake. Siku hizi ninafundisha pamoja na muuguzi wa afya ya akili ambaye darasani tunamwita Sista tu. Hatuna ofisi wala barua ya serikali. Tuna ukumbi ambao kanisa hutuachia Jumamosi alasiri, viti vya plastiki na ubao. Ninayoyasema hapa nimeyaona kwanza nikiwa kwenye viti vya wanafunzi, kisha nikiwa nimesimama mbele yao.

Kuimudu sonona ni ujuzi unaofundishika kama ujuzi mwingine wowote. Mtu hujifunza jinsi usingizi mbovu, kujitenga na fikra za kujilaumu zinavyolishana. Hujifunza kutumia dawa ipasavyo, kuvunja tatizo kubwa vipande vipande, kuzungumza na daktari katika dakika chache alizopewa, na kutambua dalili za mapema kwamba ugonjwa unarudi. Hili la mwisho lina uzito wake, kwa sababu karibu nusu ya watu wanaopona sonona mara ya kwanza huipata tena. Anayejua kwamba kwake yeye dalili ya kwanza ni kuacha kupokea simu, na ambaye ameandika mapema afanye nini na amwite nani, ana nafasi ya kwenda kliniki kabla hajaanguka.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni mpango wa wiki. Kila mwanafunzi anachagua jambo moja dogo ambalo yeye mwenyewe analitaka, na analitamka kwa ukamilifu: nitafanya nini, kiasi gani, siku gani, saa ngapi. Kisha tunamuuliza: kutoka sifuri hadi kumi, una uhakika gani kwamba utalifanya? Akisema nne, tunalipunguza jambo lenyewe mpaka afike saba. Aliyeanza kwa kusema ataosha nguo zote za nyumba anamaliza akisema ataosha sare moja ya mtoto Jumanne jioni. Wiki inayofuata anatueleza lilivyokwenda. Sonona humwambia mtu asubiri ajisikie vizuri ndipo afanye kitu. Darasani anajifunza kufanya kidogo kwanza, moyo utafuata nyuma. Na walimu nao hutoa mipango yao mbele ya wote, Sista pamoja nami, na tukishindwa tunasema tumeshindwa.

Njia hii hatukuibuni sisi. Ilikuzwa katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na Kate Lorig na wenzake, walioanza na wagonjwa wa viungo na baadaye wakaandaa mafunzo ya wiki sita kwa watu wenye magonjwa ya kudumu ya aina mbalimbali, saa mbili na nusu kila wiki, chini ya viongozi wawili ambao angalau mmoja wao anaishi na ugonjwa. Uingereza ikaenda mbele zaidi. Mradi wa Co-creating Health, ulioanzishwa na shirika la Health Foundation mwaka 2007, ulichagua magonjwa manne, sonona ikiwa mojawapo, na mafunzo yake yaliongozwa na mtaalamu na mgonjwa bega kwa bega. Wataalamu nao walifundishwa upya namna ya kuzungumza na mgonjwa anayejimudu, jambo ambalo ningependa sana kuliona hapa kwetu. Na hatuna haja ya kutazama ng'ambo peke yake: hospitali ya akili ya Butabika kule Kampala, na Dar es Salaam pia, zote zimeshiriki mradi wa UPSIDES, unaowafunza watu waliowahi kuugua akili ili wawasaidie wenzao ndani ya huduma za afya.

Najua mtaniambia kwamba kaunti tayari ina wahamasishaji wa afya ya jamii, na kwamba mtu wa mtaani akifunzwa vizuri anaweza kusaidia. Ni kweli kabisa. Utafiti uliofanyika hapa hapa Nairobi na kuchapishwa mwaka 2017 uliwahusisha wanawake 421 waliopitia ukatili wa kijinsia. Wahudumu wa afya ya jamii, wasio wataalamu, waliwafundisha mbinu za kukabili matatizo katika vikao vitano vya mpango wa Shirika la Afya Duniani, na mateso yao ya kiakili yalipungua kuliko ya wale waliopata huduma ya kawaida. Kule Harare, Zimbabwe, bibi wazee wanaoketi na wagonjwa kwenye mabenchi ya kliniki, kazi iliyoanzishwa na daktari Dixon Chibanda mwaka 2006 katika mtaa wa Mbare, wameonyesha dunia nzima kinachowezekana.

Lakini jirani mwenye huruma aliyefunzwa ni mtu mmoja, na mtu aliyeugua ni mwingine. Ninawaheshimu wahamasishaji wetu. Mmoja wao ndiye aliyenifikisha kliniki. Ila yeye hawezi kumwambia mwanafunzi, "Mimi pia nilikaa miezi bila kuchana nywele, na leo niko hapa." Hata kule Harare, baada ya vikao vya benchi, wagonjwa hukaribishwa katika vikundi vyao wenyewe, ambako waliotangulia huwapokea wageni huku wakifuma mifuko ya kuuza. Waanzilishi wa kazi ile walitambua kwamba kuna jambo ambalo bibi wa benchi hawezi kulitoa.

Niwaeleze jambo hilo lilivyo darasani, maana kwenye karatasi halionekani.

Somo la dawa ndilo gumu kuliko yote. Jumamosi moja mama mmoja alisema, "Sista, mimi nilizitupa. Wiki mbili nzima nimekauka mdomo, nasinzia kwenye kibanda, na moyo uko vile vile." Sista alimweleza kwamba madhara ya dawa mara nyingi hutangulia na nafuu hufuata, kwamba dawa hizi huchukua wiki mbili hadi nne kabla ya mtu kuona tofauti, wakati mwingine zaidi, na kwamba kuziacha ghafla kunaweza kumletea mtu kizunguzungu, wasiwasi na usingizi wa mang'amung'amu. Alieleza pia kwamba anayepata nafuu hushauriwa kuendelea nazo kwa miezi kadhaa ili ugonjwa usirudi. Yote yalikuwa sahihi. Mama akaitikia kwa kichwa jinsi watu wanavyoitikia wanapotaka mazungumzo yaishe.

Ndipo nikasema mimi. Nilimwambia kwamba kukauka mdomo nakujua, kwamba nilitembea na chupa ya maji hadi wateja wakadhani nina kisukari, na kwamba kusinzia kulipungua daktari aliponiruhusu kuhamishia dozi yote usiku. Akaniuliza, "Na wewe bado unazimeza?" Nikamjibu ukweli: wakati ule ndiyo. Akauliza kama nimewahi kuziacha bila kuambiwa. Nikamwambia ndiyo, na nikamwambia kilichofuata. Sista hakunikatiza. Aliongeza tu kwamba anayetaka kuacha asifiche, aje waipange pamoja, dozi ipunguzwe polepole. Yule mama alirudi kliniki juma lililofuata akabadilishiwa dawa.

Ningekuwa peke yangu siku hiyo, nisingejua kumweleza kwa nini mwili wake ulifanya vile, wala kama dawa yake ilifanana na yangu. Sista angekuwa peke yake, mama angeondoka na maelezo sahihi na asingerudi kliniki. Mtaalamu anajua watu wengi kwa upana. Mgonjwa anamjua mmoja kwa kina. Mwanafunzi anayewaona wote wawili wakizungumza kwa heshima mbele yake, hata wakitofautiana, anajifunza pia namna ya kuzungumza na daktari wake. Hilo halimo katika kitabu cha mafunzo, na kwangu mimi ndilo somo kubwa kuliko yote.

Au chukueni ushauri wa kutembea nusu saa kila siku. Ni ushauri mzuri, na mazoezi husaidia kweli. Lakini mwambie hivyo mwanamke wa Mukuru ambaye alfajiri njia yake ina vibaka na maji machafu, anayepanga foleni langoni mwa kiwanda Industrial Area akitafuta kibarua, na atakuona hujui anakoishi. Mwalimu anayetoka mtaani atamuuliza: maji unachota wapi? Je, unaweza kuchota kwenye bomba la mbali mara mbili kwa juma, ukienda na jirani? Hapo kuna kutembea, kuna mtu wa kuongea naye, na kazi ya nyumbani imefanyika. Sista mwenyewe amechukua mfano huo na siku hizi anautumia kliniki.

Kuna na imani. Wengi wetu tulikwenda kwa pasta au kwa shehe kabla ya kwenda kliniki, na wengine waliambiwa kwamba kumeza dawa ni upungufu wa imani. Mtaalamu akigusa hapo, darasa hujifunga. Mwenzao anayesali na bado anameza dawa anaweza kulisema hilo kwa sentensi moja, na somo likaendelea.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Katika shughuli nyingi za afya ya akili jijini, watu kama mimi huitwa kutoa ushuhuda. Nimeitwa mara nyingi. Wataalamu wanazungumza saa mbili, kisha mshereheshaji anasema sasa tumsikie mmoja wa wagonjwa wetu. Unasimama dakika kumi, unafungua kidonda chako mbele ya watu usiowajua, baadhi wanalia, wanapiga makofi, unapewa nauli ndani ya bahasha na soda, na unarudi nyumbani peke yako na usiku mzima wa kukifunga tena. Waliokualika wanaendelea na mada inayofuata. Hakuna aliyekuuliza programu ingepangwaje, na hakuna anayepiga simu kesho yake. Tafadhali msiyaite hayo ushirikiano. Mkianzisha madarasa kwa mtindo huo, heri msiyaanzishe, kwa sababu yatawaumiza wale wale mnaotaka kuwasaidia.

Ushirikiano ninaouomba unaanza kabla ya darasa. Walimu wote wawili wanaketi na kuandaa somo, wanagawana sehemu, na wanakubaliana mapema watafanyaje wakitofautiana. Sisi tunakubaliana kwamba kuhusu dawa na hatari neno la mwisho ni la Sista, na kuhusu kinachowezekana mtaani neno la mwisho ni langu. Baada ya darasa tunakaa tena: nini kilikwenda vizuri, nani alinyamaza sana, nani tumpigie simu. Mara nyingine ni mimi ninayehitaji kuangaliwa, kwa sababu somo la siku hiyo limenigusa, naye Sista hulitambua. Na mara nyingine ni yeye, aliyetoka zamu ya usiku wadini. Wataalamu nao huugua sonona. Wengi wao hawathubutu kuisema kazini.

Kuhusu malipo nitasema bila kuzunguka. Wahamasishaji wa afya ya jamii wanalipwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti, na kila mtu anajua pesa hizo hazitoshi kwa kazi wanayofanya. Hata hizo hazipo kwa mwalimu aliyeugua. Ninapendekeza saa ya kufundisha ilipwe kiwango kimoja kwa walimu wote wawili. Muuguzi ana mshahara wake kwa kazi zake nyingine, kwa elimu na leseni aliyoitolea jasho, na sigombani na hilo. Lakini ndani ya darasa lile saa yangu na saa yake zina thamani moja, na kiwango kikitofautiana, wanafunzi wataambiwa na mtu hata kama sisi hatutawaambia, na wataelewa maarifa yao ya kuugua yanahesabiwa vipi na serikali.

Kenya imeshawahi kufanya kazi ya namna hii. Katika kliniki za virusi vya ukimwi, watu wanaoishi na virusi waliketi kando ya wauguzi wakiwafundisha wenzao kumeza dawa kila siku, na kina mama waliojifungua watoto wasio na virusi waliwashika mkono wajawazito waliotoka kupimwa na kujua hali zao. Watu waliamini dawa kwa sababu waliona aliyekuwa mgonjwa mahututi akija kazini kwa miguu yake. Lakini mishahara ya wengi wao ilitegemea wafadhili, na serikali ya Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025, wengi walirudishwa nyumbani kwa notisi fupi mno na kliniki zikabaki bila wao. Kwa sababu hiyo ninaomba madarasa haya yawe kwenye bajeti ya kaunti tangu siku ya kwanza, hata yakianza madogo. Mfadhili akija aongeze, asiwe yeye ndiye msingi.

Nimesikia mashaka ya maafisa, na yanastahili kujibiwa. La kwanza ni hili: mwalimu aliyeugua akiugua tena je? Ataugua baadhi ya nyakati, ndiyo. Apewe likizo ya ugonjwa kama mfanyakazi mwingine yeyote, kuwe na mwalimu wa akiba, na arudi akipona. Wanafunzi wanaomwona akiugua, akitumia mpango wake wa dharura na kisha akirudi, hawajapoteza mwalimu. Wameona somo la mwisho likitendeka.

Jingine ni usiri, nalo ni zito zaidi mitaani kwetu, ambako ukuta ni bati na kila mtu anamjua kila mtu. Sisi tulikuwa na mwanafunzi aliyetoka mlangoni mara tu alipoona jirani yake ameketi ndani. Walimu waliougua wasipangiwe mtaa wanaoishi, isipokuwa wenyewe wakitaka na wanafunzi wakiridhia. Watie saini kiapo kile kile cha usiri anachofungwa nacho muuguzi, na wachukuliwe hatua zile zile wakikivunja.

Na kuna hatari ya mtu kujiua. Mwaka huo huo wa 2025, mwezi wa Januari, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakwenda kinyume cha Katiba. Kabla ya hapo, mtu aliyenusurika aliweza kufikishwa mahakamani na hata kufungwa, na darasani watu waliyameza yaliyowapata. Sasa wanaanza kuyasema, na wakiyasema lazima kuwe na mtu anayejua la kufanya saa ile ile. Hapa mtaalamu ndiye anayeongoza. Anamtoa mtu pembeni, anamuuliza waziwazi kama amepanga na atatumia nini, anahakikisha hayuko peke yake, anampeleka panapofaa. Mwalimu aliyeugua hapaswi kubebeshwa mzigo huo kwa simu saa nane usiku, na mkataba wake useme hivyo. Ndiyo sababu pia sitaki madarasa ya wagonjwa peke yao yatumike kama njia rahisi ya serikali kuokoa pesa. Vikundi vyetu vya kusaidiana ni vya thamani, na shirika la Users and Survivors of Psychiatry Kenya limekuwa likivijenga tangu 2007. Lakini kikundi hakiandiki dawa wala hakilazi mtu. Madarasa haya yanakuja juu ya huduma ya wataalamu. Vituo vikiendelea kukaa bila dawa na bila wauguzi wa akili, tutakuwa tunamfundisha mtu kuogelea ndani ya ndoo.

Waheshimiwa, sheria na sera hazina upungufu mkubwa. Jopokazi la kitaifa lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 kwamba magonjwa ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Sheria ya Afya ya Akili kama ilivyorekebishwa mwaka 2022 inampa mgonjwa haki ya kushiriki katika kupanga matibabu yake. Mtu atashirikije kupanga asichofundishwa? Na chini ya Katiba ya 2010, vituo vya afya vya kaunti viko mikononi mwenu. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari, iliyopo tangu 1910, ni ya serikali kuu na haiwezi kuwa mlango wa kila mgonjwa wa sonona katika jiji hili. Wengi wetu hatuhitaji wadi. Tunahitaji mahali karibu na nyumbani pa kujifunza.

Kwa hivyo anzeni na darasa moja katika kila moja ya maeneo bunge 17 ya Nairobi. Yawekwe Jumamosi alasiri au jioni, kwa sababu darasa la saa nne asubuhi siku ya kazi linamlazimu kibarua achague kati ya somo na chakula cha watoto. Yafundishwe kwa Kiswahili, na pale penye haja kwa lugha inayoeleweka, kama Kisomali kule Eastleigh. Wanafunzi wasizidi 15 au hivi. Walimu wote wawili wapate mafunzo yale yale, ndani ya chumba kimoja, na kati ya wakufunzi wao wenyewe awepo aliyeugua. Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) iombwe kuyalipia kama huduma kamili. Na mtakapoyapima, maswali yale tisa yatumike, lakini wanafunzi pia waulizwe wanataka kupimwa kwa kipimo gani. Kwetu wengi walisema wanataka kujua kama wamerudi kwenye chama chao cha akiba, kwa maana mtu anayeugua sonona huanza kwa kukosa mkutano, kisha mchango, kisha anaona aibu kurudi.

Mpango wa Maendeleo wa Mwaka wa kaunti hufikishwa bungeni kabla ya Septemba 1, na makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30. Ninaomba jambo hili liwe na mstari wake katika nyaraka zote mbili, mstari unaotaja walimu waliougua kwa cheo na kwa malipo, wasije wakafichwa chini ya "shughuli za uhamasishaji". Ninaomba pia mniandikie jibu linaloonyesha ni afisa gani amekabidhiwa kazi hii na lini ataketi nasi. Masomo yetu yote tumeyaandika, pamoja na yale yaliyotushinda na namna tulivyoyabadilisha. Sista nami tutayaleta City Hall siku yoyote mtakayotaja, ila Jumamosi alasiri tuna darasa.

Wenu,
Fundi wa nguo na mwalimu mwenza wa darasa la sonona,
Kayole, Nairobi